Kamba, Kigingi na Sheria ya Siku Kumi na Nne: Mgogoro wa Maegesho katika Mifereji ya Uingereza

Uingereza ni nchi iliyojisifu kwa karne nyingi kwamba inazitawala bahari. Lakini ugomvi wa vyombo vya maji unaoisumbua katika miaka hii haumo baharini. Umo ndani ya mifereji iliyochimbwa kwa sururu na koleo, yenye maji yaliyotulia, ambayo kina chake mara nyingi hakizidi sana kifua cha mtu mzima. Humo wamo wananchi waliofanya mashua kuwa nyumba zao, na swali linalowakabili kila baada ya wiki mbili ni moja: je, kesho tutaifunga wapi kamba yetu?

Huenda baadhi ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi wakauliza, habari hiyo yatuhusu nini sisi tulio mbali na mifereji hiyo? Yatuhusu kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo kila mlinzi wa sheria hukutana nayo kazini. Mna sheria iliyoandikwa kwa maneno mapana, ambayo afisa wa chini ndiye anayelazimika kuitafsiri akiwa amesimama mbele ya mlango wa mtu. Mna mali ya umma ambayo kila mmoja anaidai. Tena mna uhaba wa nyumba, ambao haukutatuliwa mahali pake na sasa umehamia majini. Yafaa tulichambue jambo hili kwa utaratibu, tangu asili yake.

ASILI YA MIFEREJI

Mfereji unaohesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa zama za mifereji Uingereza ulifunguliwa mwaka 1761. Ulichimbwa kwa amri ya mkabaila mmoja, Duke wa Bridgewater, ili kuyatoa makaa ya mawe katika machimbo yake ya Worsley na kuyafikisha mjini Manchester. Fundi wake mkuu alikuwa James Brindley. Farasi mmoja akitembea ukingoni aliweza kuvuta tishari lenye mzigo ambao barabarani ungehitaji misafara ya punda. Bei ya makaa mjini Manchester ikashuka kwa takriban nusu, na viwanda vikapata moto. Mabepari walipoona faida hiyo, kampuni za mifereji zikafuatana, na katika muda wa miaka sabini hivi nchi ikawa imefunikwa na utando wa njia za maji.

Kazi ya kuchimba ilifanywa na vibarua wanyonge waliolala katika mabanda ya muda, na wengi walikufa kwa vifusi na magonjwa. Hata jeshi lilichimba. Kati ya mwaka 1804 na 1809, Waingereza walipohofia kwamba Napoleon wa Ufaransa angevuka bahari na kuwavamia, walichimba Royal Military Canal katika pwani ya kusini mashariki. Mfereji huo wenye urefu wa kilomita 45 hivi ulikusudiwa kuwa handaki la kumzuia adui na njia ya kuhamishia majeshi. Napoleon hakuja. Serikali ikajaribu kurudisha gharama kwa kutoza ushuru wa vyombo vilivyopita, lakini mapato hayakulingana na gharama.

Baadaye ikaja reli. Bei za usafirishaji zikaanguka, na mwenye tishari akashindwa kulipa mishahara ya mabaharia na kodi ya nyumba kwa wakati mmoja. Hivyo akamtoa mkewe na watoto nchi kavu, akawaingiza ndani ya chombo. Familia nzima iliishi katika chumba cha tezi kisichozidi mita chache, mke akishika usukani na watoto wakimwongoza farasi. Hali yao ilikuwa mbaya kiasi cha kulilazimisha Bunge kupitisha sheria za mwaka 1877 na 1884, zilizotaka kila chombo kinachokaliwa kiandikishwe kama makazi, kikaguliwe afya yake, na watoto wapelekwe shule. Kwa hiyo anayesema kwamba kuishi mashuani ni mtindo mpya wa vijana wa leo amekosea. Waingereza maskini walikwishaishi hivyo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na sababu yao ilikuwa ileile ya leo, yaani gharama ya nyumba.

Tarehe 1 Januari 1948 mifereji mingi ilitaifishwa pamoja na reli. Mwaka 1963 ikawekwa chini ya shirika la umma lililoitwa British Waterways. Baridi kali ya majira ya mwaka huo iligandisha maji kwa majuma mengi, na biashara ya mizigo ambayo ilikuwa tayari inakata roho haikuinuka tena. Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1968 ikatambua kwamba sehemu kubwa ya mifereji iliyobaki ingetumika kwa matembezi. Hapo ndipo mashua za makaa zilipoanza kugeuzwa kuwa mashua za kustarehe, na pole pole, kuwa nyumba.

MAEGESHO NA HUDUMA ZAKE

Msomaji aliyezoea mialo ya Ziwa Viktoria, ambako mtumbwi huvutwa mchangani, lazima aelezwe jinsi chombo kinavyoegeshwa mferejini. Mashua ya kawaida ya mifereji hiyo ni nyembamba sana. Upana wake ni mita mbili na kidogo tu, kwa sababu malango ya maji ya zamani yalijengwa kwa kipimo hicho, lakini urefu wake waweza kufika mita 21 au zaidi. Lango la maji ni chumba chenye milango mbele na nyuma, ambacho hujazwa au kupunguzwa maji ili chombo kipande au kishuke mlima. Kila chombo kinapopita, zaidi ya lita 100,000 za maji huteremka. Maji hayo lazima yarudishwe kutoka katika mabwawa yaliyoko juu.

Mwenye mashua anapotaka kusimama, husogea ukingoni, akafunga kamba mbili, moja ya omo na moja ya tezi. Penye pete au nguzo za chuma hufunga hapo. Pasipokuwa nazo hupigilia vigingi vya chuma ardhini kwa nyundo. Ni desturi kwamba anayepita karibu na vyombo vilivyofungwa apunguze mwendo mpaka injini inong'one, kwani msukumo wa maji hung'oa vigingi na kumwacha mwenzake akielea katikati ya mfereji huku chai ikiwa jikoni. Desturi hiyo haihitaji polisi. Kila mmoja anaishika kwa kuwa anajua kesho atafungwa yeye na mwingine atapita.

Mahali bora zaidi pa kuegesha ni marina, yaani bandari ndogo iliyochimbwa kando ya mfereji au katika gati la kale la mizigo. Mfano wake ni Limehouse mjini London, bandari iliyofunguliwa mwaka 1820 ili tishari za mfereji wa Regent's zikutane na meli za mto Thames. Zamani makaa na mbao zilipakuliwa hapo. Siku hizi mna mashua za starehe na za makazi, zikitazamana na majumba ya ghorofa yenye bei kubwa.

Katika marina iliyo kamili mwenye chombo hupata njia za kuelea za kutembelea hadi mlangoni pake, umeme wa kulipia kwa kadi, bomba la maji safi, mahali pa kumwagia taka za choo, pampu ya kunyonya tangi la maji machafu, jaa la takataka, bafu, mashine za kufulia, dizeli, makaa na mitungi ya gesi. Aliye nje ya marina hutegemea vituo vya huduma vilivyotawanyika kando ya mfereji, ambavyo hufunguliwa kwa ufunguo wa aina moja unaouzwa kwa wenye vyombo wote. Kutoka kituo hadi kituo huweza kuwa mwendo wa saa nyingi, kwani mashua hizo huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Mambo haya si madogo. Choo cha mashua ni sanduku linalojaa kwa siku chache. Tangi la maji lina kipimo. Wakati wa baridi jiko la makaa halizimwi usiku wala mchana, na moshi wake una hatari ya kuua waliolala, ndiyo maana tangu Aprili 2019 kanuni za usalama zimelazimisha kila mashua yenye malazi kuwa na king'ora cha kugundua hewa ya sumu. Askari aliyewahi kukaa katika kambi ya muda anafahamu vyema kwamba nidhamu ya kambi huanza na maji, choo na jaa. Vitatu hivyo vikikosekana, hakuna amri itakayoiokoa kambi na maradhi wala na manung'uniko.

SHERIA YA MWAKA 1995

Mwaka 1995 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoongoza leseni za vyombo katika mifereji hiyo. Kila mwenye chombo anatakiwa kuwa na bima na cheti cha usalama. Kisha anatakiwa kuchagua mojawapo ya mambo mawili. Ama aonyeshe kwamba ana mahali pa kudumu pa kuegesha chombo chake, ama aahidi kwamba atakitumia chombo hicho kwa safari za kweli kwa muda wote wa leseni, bila ya kukaa mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14 mfululizo, au muda mrefu zaidi ambao hali halisi yaweza kuuhalalisha.

Kifungu hicho cha pili kiliwekwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakizunguka nchi nzima majini. Wakati huo walikuwa wachache. Lakini tuyatazame maneno yenyewe kwa jicho la mtekelezaji. Mahali pamoja ni wapi? Ni mita mia kutoka kigingi cha kwanza, au ni kijiji kizima, au ni mtaa? Safari ya kweli ni ya maili ngapi? Na hali inayohalalisha kukaa zaidi ni ipi: ugonjwa, injini kuharibika, barafu, mke kujifungua? Sheria haikutaja umbali wowote. Shirika linaloendesha mifereji lilikuja kutoa mwongozo kwamba anayezunguka ndani ya eneo lisilofika takriban maili 20 kwa mwaka mzima yumkini hataridhisha matakwa ya sheria. Wenye mashua wakajibu kwamba mwongozo si sheria, na kwamba Bunge lingetaka maili lingeziandika.

Shirika lina watumishi wanaotembea ukingoni wakiandika namba za vyombo na mahali vilipoonekana. Asiyeondoka hupewa onyo, na leseni yake huweza kufupishwa au kunyimwa. Chombo kisicho na leseni huweza kuondolewa majini kwa uwezo uliotolewa na sheria nyingine ya mwaka 1983, baada ya notisi ya siku 28. Pale ambapo chombo ni makazi ya mtu, shauri hupelekwa mahakamani kwanza, kwa maana kukiinua chombo hicho kwa winchi ni kumtoa mtu nyumbani kwake.

Hebu tuifikirie familia yenye watoto wa shule chini ya sheria hiyo. Baba anafanya kazi mjini na mtoto anasoma darasa la tatu. Kila siku ya kumi na nne, pawe na mvua au theluji, lazima wang'oe vigingi na kuhama. Wakienda karibu, wataambiwa hawakusafiri. Wakienda mbali, mtoto ataikosa shule na baba ataikosa kazi. Na huko waendako wakikuta bomba limeganda, jaa limefungwa na ukingo umejaa vyombo vitatu vitatu ubavu kwa ubavu, watakuwa wameitii sheria na kupata adhabu kwa utii wao.

NYUMBA ZIMEKUWA GHALI, MASHUA ZIMEONGEZEKA

Kwa nini basi watu wameingia katika maisha hayo? Wapo walioyapenda kwa moyo, na hatuwezi kuwakatalia. Lakini ongezeko kubwa la vyombo vya makazi, hasa London, limefuatana na kupanda kwa kodi na bei za nyumba. Katika mifereji na mito iliyo chini ya shirika hilo, yenye urefu wa kilomita 3,200 hivi, mna vyombo takriban 35,000 vyenye leseni. Kufikia mwaka 2023, zaidi ya 6,000 kati ya hivyo vilikuwa havina maegesho ya kudumu. Sehemu kubwa ya vyombo hivyo imekusanyika katika maeneo machache: London, Bath na kando ya miji mingine yenye kazi.

Mtu asiyejua atasema, basi na wakodi maegesho ya kudumu. Tatizo ni kwamba maegesho yanayoruhusiwa kuwa makazi ni haba, kwa kuwa yanahitaji kibali cha mipango miji. Marina nyingi zimepewa kibali cha kuweka vyombo vya starehe tu, na mkataba wao unamkataza mtu kufanya chombo kuwa makazi yake pekee. Sehemu za makazi katikati ya London zinaponadiwa, huweza kupita pauni 10,000 kwa mwaka, na hiyo ni bei ya kamba na kigingi tu, mashua ni ya mtu mwenyewe. Hivyo ubepari umetimiza mzunguko wake. Mtu alikimbia kodi ya nyumba akaingia majini, na kodi imemfuata huko huko.

Wenye majumba kando ya mfereji nao wana malalamiko yao. Moshi wa makaa na kuni huingia madirishani, na kelele za injini za kuchajia betri huwakera jioni. Malalamiko hayo ni ya kweli. Hata hivyo, dawa yake inafahamika. Mahali palipowekwa umeme ukingoni, mwenye mashua hana haja ya kuwasha injini akiwa amesimama. Hapa tena tunaona jambo ambalo litarudi mara kwa mara katika uchambuzi huu: ugomvi wa majirani mara nyingi ni upungufu wa huduma uliovaa nguo za uhalifu.

FEDHA ZA MIFEREJI

Mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliiondoa mifereji ya England na Wales mikononi mwa British Waterways, ikaikabidhi kwa shirika jipya la hisani liitwalo Canal & River Trust. Mifereji ya Scotland ilibaki katika mikono ya umma. Shirika jipya lilipewa majengo na viwanja vya kuliletea mapato, pamoja na ahadi ya ruzuku ya miaka 15, ambayo imekuwa ikizidi pauni milioni 50 kwa mwaka na kufanya takriban robo ya mapato yake. Mwezi Julai 2023 serikali ilitangaza kwamba kwa miaka kumi kuanzia 2027 itatoa jumla ya pauni milioni 401. Shirika likalalamika kwamba, ukihesabu kupanda kwa gharama za maisha, huko ni kupunguziwa zaidi ya pauni milioni 300.

Je, fedha hizo zinakwenda wapi? Msomaji asidhani kwamba ni za kupaka rangi nguzo. Mifereji hiyo ina umri wa miaka 200 na zaidi, na nyuma ya maji yake yaliyotulia kuna kuta za udongo na mabwawa makongwe. Tarehe 1 Agosti 2019, baada ya mvua kubwa, sehemu ya njia ya kumwagia maji ya ziada katika bwawa la Toddbrook, lililojengwa kuulisha mfereji wa Peak Forest, ilibomoka. Chini yake upo mji mdogo wa Whaley Bridge. Polisi waliwahamisha watu 1,500 hivi kutoka majumbani mwao, wazima moto wakapampu maji usiku na mchana, na jeshi la anga likaleta helikopta aina ya Chinook iliyoteremsha mamia ya tani za kokoto ili kuziba pengo. Bwawa halikupasuka, na hakuna aliyekufa. Ilikuwa kazi ya kusifiwa ya majeshi na polisi, lakini iligharimu zaidi kuliko matengenezo ambayo yangefanywa kwa wakati wake.

Kadhalika, tarehe 1 Januari 2025, baada ya mafuriko, ukingo wa mfereji uleule wa Bridgewater tuliouanzia habari yetu ulivunjika karibu na Little Bollington, maji yakamwagika mashambani. Mfereji huo haumo katika mikono ya shirika la hisani, bali ni mali ya kampuni binafsi. Maji hayakujali mwenye mali ni nani. Jengo lisilotunzwa huanguka, liwe la umma, la hisani au la tajiri.

NANI ALIPE?

Shirika lililobanwa namna hiyo likageukia leseni. Tangu mwaka 2020 vyombo vipana vilianza kutozwa zaidi kuliko vyembamba. Kuanzia Aprili 2024 ikaongezwa tozo ya ziada kwa vyombo visivyo na maegesho ya kudumu, iliyopangwa kupanda hatua kwa hatua kwa miaka mitano. Hoja ya shirika ni kwamba wasio na maegesho hutumia ukingo, mabomba na majaa ya umma kuliko wenye maegesho, ambao wamekwisha kulipia huduma hizo katika marina zao. Si hoja ya kubezwa. Mwenye mashua anayelipa maegesho mwaka mzima, kisha akasafiri likizoni na kukuta kila ukingo umejaa, naye ana haki ya kuuliza.

Upande wa pili wanasema kwamba tozo hiyo inawaangukia hasa wale wasio na uwezo. Chama chao cha utetezi, National Bargee Travellers Association, kilichoanzishwa mwaka 2009, kimepinga tozo hiyo kwa maandamano na kwa njia za sheria. Wanauliza: iwapo tunalipia zaidi kwa sababu ya huduma, mbona baadhi ya vituo vya taka na bafu vimefungwa, na mabomba mengine hukaa muda mrefu bila kutengenezwa? Anayeongezewa bei huku bidhaa ikipunguzwa ana sababu ya kunung'unika, awe sokoni au mferejini.

Mwishoni mwa mwaka 2024 shirika lilitangaza kuunda tume huru ya kuchunguza mfumo mzima wa leseni. Kwa maoni yetu hatua hiyo ilikuwa ya busara, ingawa ilichelewa. Sheria ya mwaka 1995 ilitungwa kwa ajili ya wasafiri wachache. Kuitumia kuongoza makazi ya maelfu ya watu ni sawa na kumvisha mtu mzima sare aliyoshonewa alipokuwa mtoto. Itapasuka tu, na fundi hatakuwa na kosa wala mvaaji hatakuwa na kosa.

FUNZO KWA WALINZI WA SHERIA

Tukirejea kwetu, tunaona mafunzo matatu.

La kwanza ni juu ya heshima ya makazi. Sheria ya polisi ya Uingereza ya mwaka 1984 inapotaja majengo yanayohitaji utaratibu wa kisheria kabla ya kupekuliwa, inavitaja waziwazi vyombo vya maji pamoja na magari na mahema. Maana yake ni kwamba mlango wa mashua ni mlango kama mwingine. Umaskini wa nyumba haupunguzi haki za aliyemo ndani. Hili yafaa likumbukwe na kila askari anayepiga doria katika vibanda vya udongo, mahema au mitumbwi yenye kufunikwa turubai.

La pili ni juu ya maneno ya sheria. Watunga sheria wakiacha pengo, pengo hilo hujazwa na askari wa mwisho katika safu, yule aliyesimama matopeni na daftari lake. Yeye ndiye atakayelaumiwa akiwa mkali na atakayelaumiwa akiwa mpole. Kwa hiyo ni wajibu wa wakubwa kumpa mwongozo ulio wazi, ulioandikwa, ambao raia naye anaweza kuusoma. Mtumishi anayeandika namba za mashua kule London na askari anayekagua nyavu hapa kwetu wana haja moja: kujua mpaka wa madaraka yao kabla hawajaanza kazi.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Amri ya kuhama ina maana pale tu ambapo kuna mahali pa kuhamia, na amri ya usafi ina maana pale tu ambapo kuna choo. Wengi wa wasomaji wetu wanayajua maziwa yetu kwa macho yao. Mwaka 2017 jeshi lilipelekwa katika maziwa ya Uganda kuzuia uvuvi haramu wa nyavu ndogo na samaki wachanga. Kazi hiyo ilisaidia samaki kuongezeka, na viwanda vya kusindika vikapata mali. Lakini pia ilileta malalamiko ya wavuvi kuhusu nguvu zilizotumika, malalamiko yaliyofika hadi Bungeni. Kisha mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakaimeza mialo mingi pamoja na vyoo, maghala na vibanda vyake. Mvuvi aliyesukumwa na maji akajenga mahali pasipoandikishwa hakuwa mhalifu sawa na yule aliyeficha nyavu za kokoro. Askari mwenye busara aliwatofautisha. Asiye na busara aliwachoma wote pamoja.

Mwalo wenye gati imara, maji safi, choo, mwanga na daftari la vyombo hujilinda wenyewe kwa sehemu kubwa. Katika mwalo huo mgeni hutambulika mara moja, na mtumbwi ulioibwa hauna mahali pa kujificha. Katika mwalo usio na chochote, kila mtu huja usiku na kuondoka usiku, na askari kumi hawatoshi. Hilo si suala la hisani. Ni suala la ulinzi.

HITIMISHO

Waingereza wana methali zao na sisi tuna zetu. Wahenga wetu walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo kinaweza kuzunguka pande zote, lakini mwisho wake mtu huteremka chini mahali maji yanapokusanyika, akaanza kuyakumba. Ngama ya mgogoro huu wa mifereji ni makazi ya watu. Tozo zinaweza kupandishwa, siku 14 zinaweza kufanywa saba au ishirini na moja, na watumishi wa kuandika namba wanaweza kuongezwa. Pasipojengwa maegesho ya bei nafuu na vituo vya huduma vinavyofanya kazi, maji yataendelea kuingia.

Nchi yenye fedha nyingi, yenye mahakama za karne nyingi na Bunge kongwe, imeshindwa kwa miaka 30 kukubaliana juu ya mahali pa kufunga kamba. Hatulisemi hilo kwa kuwacheka. Tunalisema ili ndugu zetu wenye sare, watakapotumwa kesho kuwaondoa watu ukingoni mwa maji, wawaulize kwanza waliowatuma swali moja lenye adabu: waende wapi?